Zamu ya Mzee Alapati

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na kijiji cha Vaipuna kilikuwa na kazi nyingi. Jumamosi ndiyo siku ya kutayarisha chakula cha Jumapili. Vijana walikuwa wamekwenda shambani kuchimba magimbi. Wanawake walikuwa kwenye kikao cha kamati yao. Nguruwe walipiga kelele nyuma ya nyumba, kwa sababu na wao waliijua Jumamosi.

Mzee Alapati alikuwa peke yake nyumbani. Mke wake, Fuatino, alikuwa kikaoni. Mtoto wao mkubwa, Tanielu, alikuwa Nyuzilandi, akifanya kazi kiwandani.

Alapati alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa mzee wa baraza na msemaji wa ukoo wake. Akisimama kusema, watu walinyamaza. Miezi miwili nyuma, mzee mwenzake alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi na kuvunjika nyonga. Wiki ile ile Alapati alisimama barazani.

"Sisi si vijana tena," alisema. "Kuanzia leo, mwanamume aliyepita miaka hamsini asipande mti. Atakayepanda, atoe nguruwe jike mmoja, mnene."

Baraza zima lilikubali.

Sasa Alapati alikuwa amesimama chini ya mshelisheli wake. Mashelisheli matatu yalikuwa yamepevuka vizuri. Kesho yasingefaa tena. Upembo wake wa kuangulia matunda haukuyafikia. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Hakukuwa na mtu.

Akapanda.

Alilipata shelisheli la kwanza. Alilipata la pili. Aliponyoosha mkono kwa la tatu, tawi lilikatika. Alianguka kimo cha watu wawili, na ubavu wake wa kushoto ukapiga jiwe la mpaka.

Alilala pale chini kwa muda. Pumzi ilikuwa imekatika. Kisha ikarudi. Alisogeza miguu, ikasogea. Alisogeza mikono, ikasogea. Ubavu uliuma, lakini si sana. Aliinuka taratibu, akajipangusa majani, akatazama tena kushoto na kulia.

"Hakuna aliyeona," alijiambia. Akayaokota mashelisheli yake, akaingia ndani.

*

Fuatino alirudi saa sita mchana. Alimkuta mumewe amekaa mkekani, ameegemea nguzo.

"Mbona umekaa upande, Baba Tanielu?"

"Nimekaa ninavyokaa."

"Nimekuletea majani ya magimbi kwa tui. Bado ya moto."

"Sina njaa."

Fuatino alisimama. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na minane. Hajawahi kumsikia akikataa majani ya magimbi kwa tui.

"Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Ngoja nijinyooshe."

Alijilaza. Papo hapo akaketi tena, ameshika bega la kushoto, meno ameyauma.

"Bega limekuwaje?"

"Nililala vibaya jana."

"Jana ulilala vibaya, leo asubuhi ukaamka unaimba. Usinidanganye."

"Mama Tanielu, bega ni langu. Nisingelijua?"

Fuatino alimgusa paji la uso. Lilikuwa na jasho, lakini jasho la baridi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Fuatino alitoka nje, akaita kwa sauti iliyovuka nyumba tatu.

"Ielemia! Gari lako linawaka leo?"

Ielemia alikuwa jirani yao. Alikuwa na pikapu moja kuukuu. "Linawaka likitaka!" alijibu.

"Liambie litake! Tunakwenda hospitali!"

"Mwanamke huyu," alinung'unika Alapati. "Kijiji kizima kimeshasikia."

"Na wasikie."

*

Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa mwendo wa saa moja. Walifika saa nane mchana. Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na kijana wa raga, amevimba pua, jezi yake ina damu. Wenzake sita walikuwa wamemzunguka, wote wanasema kwa pamoja. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kidonda mguuni. Kulikuwa na mtoto aliyeingiza punje ya mahindi sikioni, analia kama anachinjwa.

Mlangoni palikuwa na meza. Hapo alikaa muuguzi mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Jina lake Makerita. Kazi yake ilikuwa kumwona kila anayeingia, kumsikiliza, kumpima, na kuamua nani aonwe sasa hivi na nani anaweza kungoja.

"Karibu, baba. Shida ni nini?"

"Sijambo, binti. Bega tu linasumbua."

"Limeanza lini?"

Alapati alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama pembeni. Akasema, "Nililala vibaya."

"Hukuanguka? Hukugongwa na kitu?"

"Hapana."

Fuatino aliingilia. "Sista, huyu amekataa chakula. Na jasho lake ni la baridi."

"Huyu mama hupenda kuhesabu jasho langu," alisema Alapati. Kijana mmoja wa raga alicheka.

Makerita hakucheka. Alimfunga mkanda wa presha mkononi. Alishika kifundo cha mkono wake, akatazama saa. Mapigo ya moyo yalikuwa tisini na mbili kwa dakika. Presha ilikuwa bado nzuri. Aliandika yote kwenye karatasi, pamoja na maneno ya Fuatino.

"Sawa, baba. Utangoja kidogo. Mtaitwa ndani ya saa moja. Lakini sikilizeni. Kitu chochote kikibadilika, kizunguzungu, maumivu kuongezeka, kutapika, msingoje niwaite. Njooni mniambie. Na baba asile wala asinywe chochote mpaka daktari amwone."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Walikaa kwenye benchi karibu na dirisha. Watu waliomfahamu Alapati walimsalimia kwa heshima. Aliwajibu mmoja mmoja, mgongo umenyooka, kana kwamba yuko barazani. Lakini koo lilimkauka. Ielemia, ambaye alikuwa na moyo mzuri, alikwenda nje akarudi na dafu.

"Mzee, kata kiu."

Alapati alinyoosha mkono. Fuatino alilinyakua dafu lile likiwa hewani.

"Umesikia alivyosema sista?"

"Dafu si maji."

"Kama si maji, mimi nitakunywa nione ni nini." Akanywa. Ielemia akatazama dari, na Makerita, pale mezani kwake, aliona yote.

Saa tisa kasoro dakika kumi, kijana wa mapokezi alitokea mlangoni akaita, "Mzee Alapati!"

Alapati alianza kuinuka. Kisha akamwona yule bibi mwenye kidonda. Alikuwa ameketi ameinamia mguu wake. Alapati akaketi tena.

"Mwanangu, mchukue bibi huyu kwanza. Mimi ni mwanamume mzima. Nitangoja."

Bibi alimbariki. Watu kwenye benchi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kijana wa mapokezi alisita, lakini angembishiaje mzee wa baraza? Akamchukua bibi.

Dakika kumi baadaye jina lake likaitwa tena. Safari hii mtoto mwenye punje ya mahindi alikuwa analia zaidi.

"Mpelekeni mtoto," alisema Alapati. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Baba Tanielu," alisema Fuatino kwa sauti ya chini, "na wewe utaingia lini?"

"Ningeingiaje mbele ya mtoto anayelia? Watu wangenionaje?"

Fuatino alitaka kujibu. Lakini aliona kope za mumewe zinafumba na kufumbua polepole, kama za mtu mwenye usingizi.

*

Makerita alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliizoea. Kila nusu saa, hata kazi ikimzidi, aliinuka mezani kwake na kuzunguka chumba cha kungojea. Alimtazama kila mtu usoni. Mara ya kwanza alipopita, Alapati alikuwa amemjibu kwa tabasamu na maneno mazuri, na mapigo yalikuwa yamepanda kidogo tu. Sasa ilikuwa saa tisa na robo. Makerita alipita kwa yule wa raga, akamwongezea barafu ya pua. Kisha alifika kwenye benchi la dirishani.

"Baba, mbona bado uko hapa? Hujaitwa?"

"Ameitwa mara mbili!" alisema Fuatino. "Zamu yake anaigawa kama peremende."

Makerita alichuchumaa mbele yake. Alimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa. Alihesabu mapigo. Yalikuwa mia moja na kumi na sita. Alimfunga mkanda wa presha. Presha ilikuwa imeshuka.

"Baba, inua mkono wa kushoto."

Alapati aliuinua hadi juu ya kichwa.

"Uzungushe."

Aliuzungusha.

"Unauma?"

"Hauumi zaidi. Nikilala ndipo unauma sana."

Makerita alimtazama kwa makini. Bega lililolaliwa vibaya huuma likiguswa, huuma likizungushwa. Bega hili lilizunguka bila shida. Ubaya haukuwa begani. Ubaya ulikuwa mahali pengine.

Aliinuka. "Mama," alimwambia Fuatino, "nenda pale mezani umwambie yule kijana wa mapokezi alete kitanda cha magurudumu sasa hivi. Mwambie ni mimi nimesema. Ukae hapo mpaka akupe."

Fuatino aliondoka mbio. Makerita alikaa kwenye benchi, akasogeza sikio lake karibu na mdomo wa mzee.

"Baba, sasa tuko wawili. Sitamwambia mtu. Umeanguka kutoka wapi?"

Alapati alifumba macho. "Binti, mimi ndiye niliyeweka sheria."

"Sheria gani?"

"Kwamba wazee wasipande miti."

"Ukapanda."

"Mshelisheli. Leo asubuhi. Nilipiga jiwe. Hapa." Aligusa ubavu wa kushoto, chini ya mbavu. "Lakini nilisimama mwenyewe. Nikatembea. Nilidhani yameisha."

"Mke wako hajui?"

"Hakuna anayejua."

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Makerita. Kitanda kilikuwa kimefika.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Alapati alilazwa kitandani, akasukumwa kupita milango miwili. Wauguzi wawili walimchoma sindano za dripu, moja kila mkono. Daktari alipaka dawa laini tumboni mwake, akapitisha kifaa kidogo, huku anatazama picha kwenye kioo.

"Kuna damu tumboni," alisema daktari. "Nyingi. Bandama limepasuka. Piga simu chumba cha upasuaji."

Alapati alisikia yote kama sauti za watu walio nje ya nyumba. "Binti," alimwita Makerita, "kuna mtu yeyote mbele yangu kwenye foleni?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna mtoto?"

"Baba, zamu hii si yako kuigawa. Tulia."

Daktari wa usingizi aliuliza, "Amekula kitu?"

"Hajala tangu asubuhi," alijibu Makerita. "Hata dafu hakunywa."

"Vizuri sana. Twende."

*

Fuatino alikaa kwenye kiti nje ya chumba cha upasuaji. Ielemia alikuwa ameambiwa damu inahitajika. Alikwenda kutoa yake, kisha akapiga simu kijijini, na watu wanane wakapanda basi kuja kutoa zao.

Zamu ya Makerita ilipoisha, hakwenda nyumbani. Alikuja na vikombe viwili vya kakao, akakaa karibu na Fuatino.

"Sista, niambie kweli. Lile bega lina uhusiano gani na tumbo?"

"Bandama liko hapa, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ni kiungo laini, kimejaa damu. Mtu akiumia hapo linaweza kupasuka, na damu ikavuja ndani polepole. Nje huoni kitu. Ile damu ikigusa sehemu fulani ya ndani, maumivu husikika begani. Ndiyo maana akilala yanazidi."

"Kwa hiyo alipigwa hapo?"

Makerita alikunywa kakao yake. "Hilo atakueleza mwenyewe."

Fuatino alimtazama. Aliifahamu sura ya mtu aliyepewa siri. Hakumsumbua.

"Ulijuaje, sista? Wewe peke yako ulirudi kumtazama. Sisi wote tuliona mzee anayeongea vizuri."

Makerita alivua miwani, akaiacha ining'inie shingoni.

"Mwaka wangu wa nne kazini," alisema, "alikuja kijana aliyepigwa goti tumboni kwenye raga. Nilimwuliza hali, akasema hajambo. Nilimpima, vipimo vilikuwa vizuri. Nikampa kiti cha kona. Siku hiyo basi lilikuwa limepinduka, watu walikuwa wanalia kila mahali. Yule kijana hakulia. Nilirudi kwake baada ya saa mbili na nusu. Hatukumwahi."

Fuatino aliweka kikombe chini.

"Anayepiga kelele nitamsikia tu," aliendelea Makerita. "Aliyenyamaza lazima nimfuate. Kipimo cha mlangoni ni cha mlangoni. Hali ya mtu hubadilika akiwa amekaa. Kwa hiyo nazunguka."

"Na mimi nilimwona anabadilika," alisema Fuatino. "Niliona macho yake. Nikaona haya kukusumbua. Nilisema sista ana kazi nyingi."

"Mama, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wewe ukiona, mimi nimeona. Uje hata mara kumi."

Saa kumi na moja na nusu mlango ulifunguliwa. Daktari wa upasuaji alitoka. Alikuwa ameshusha barakoa yake, na Fuatino alitazama mdomo wake kabla haujasema neno. Mdomo ulikuwa unatabasamu.

"Ni mzima," alisema. "Tumelitoa bandama, damu imekoma. Angechelewa kidogo zaidi pale kwenye benchi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Fuatino alitaka kumshukuru. Badala yake aliketi sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Makerita aliketi sakafuni karibu naye. Watu wa Vaipuna, waliokuwa ndio kwanza wanaingia na mikono imefungwa pamba, waliwaona wanawake wawili sakafuni wakadhani mambo yameharibika. Ielemia alianza kulia kwa sauti.

"Yu hai!" alipaza sauti Fuatino. "Nyamaza wewe, yu hai!"

Ielemia alilia zaidi.

*

Siku ya pili Alapati aliweza kuketi. Fuatino alimlisha uji. Kijiko cha tatu, alisimamisha mkono.

"Haya. Sema."

"Niseme nini?"

"Ulivyoumia."

Alapati alitazama dirishani. "Mshelisheli."

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliyesimama barazani ukasema wazee wasipande?"

"Mimi huyo huyo."

Fuatino alirudisha kijiko kwenye bakuli. Mabega yalianza kumtikisika. Alapati alidhani analia, lakini alikuwa anacheka. Yeye pia alianza kucheka, akashika kidonda.

"Usinichekeshe, mama, nyuzi zitakatika!"

"Acha zikatike! Ungekufa kwa mashelisheli matatu!"

"Mawili. La tatu sikulipata."

Ghafla Fuatino aliacha kucheka. Alimshika uso kwa mikono miwili. "Ungeniacha kwa sababu ya aibu. Unasikia? Kwa aibu tu."

"Nasikia," alisema Alapati. Na alisikia.

Alasiri Makerita alipita kumwona kabla ya kuanza zamu. Kando ya kitanda walikuwapo wazee wawili wa baraza waliokuja kumjulia hali.

"Sista," alisema mmoja wao, "nieleze jambo. Mimi nimeshawahi kungoja pale kwako muda wa saa tatu. Wanakuja watu nyuma yangu, wanaingia kabla yangu. Huo ni utaratibu gani?"

"Baba, ulikuwa na shida gani siku hiyo?"

"Kidole. Nilijikata na panga."

"Na kidole kiko wapi sasa?"

Mzee alikiinua. Kilikuwa kizima.

"Waliokupita walikuwa na vifua vinavyobana, au watoto wasiopumua vizuri," alisema Makerita. "Pale hatuangalii nani alifika kwanza. Hatuangalii cheo, wala umri, wala nani anavuja damu nyingi usoni. Tunaangalia nani anaweza kufa akingoja. Ukingojeshwa, maana yake tumekuona una nafuu. Ukiitwa upesi, usiulize, ingia."

"Na mimi nikimhurumia mwenzangu?" aliuliza Alapati kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Mhurumie kwa kuniita nije nimtazame. Lakini usimpe zamu yako. Wewe hujui yaliyo ndani ya mwili wake, wala yaliyo ndani ya mwili wako. Na mimi sitayajua kama hunielezi kweli. Ulianguka, sema ulianguka. Ulikunywa pombe, sema. Dawa unazotumia, ziweke mfukoni uje nazo. Kama hutaki mkeo au mkweo asikie, niambie tu, 'Sista, nataka tuzungumze wawili.' Mimi si baraza. Sitozi faini."

Wazee walicheka. Mmoja akasema, "Faini? Kwani kuna faini?"

Alapati alikohoa, akashika kidonda chake. Kisha akawaeleza, kwa sauti ile ile ya barazani, yote aliyoyafanya, kuanzia shelisheli la kwanza. Hakuruka kitu. Alipomaliza, akasema, "Nguruwe wangu mkubwa ni yule mwenye doa jeupe. Mchukueni."

*

Alapati alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Hospitali ilimchoma chanjo, kwa sababu mtu asiye na bandama hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi. Daktari alimwagiza hivi: akipata homa, hata ndogo, asingoje kesho. Aende hospitali siku ile ile, na neno lake la kwanza mlangoni liwe, "Sina bandama." Fuatino aliyaandika maneno hayo kwenye kadi, akaishona ndani ya mfuko wa shati la mumewe la Jumapili. Kisha akashona nyingine kwenye mfuko wa shati la kazi.

Kamati ya wanawake ilimwalika Makerita. Alikuja Jumatano moja, akakaa nao kwenye mikeka tangu asubuhi hadi saa saba. Fuatino na mwenzake waliigiza. Mmoja alikuwa mgonjwa anayesema "sijambo, sijambo" huku anaanguka, mwingine muuguzi. Wanawake walicheka mpaka wakaanguka mikekani. Lakini Makerita aliwataka wajaribu tena, mmoja mmoja, kusema kwa sauti, "Nataka tuzungumze wawili," kisha shida ya kweli. Palikuwa na maneno ambayo wengine hawajawahi kuyatamka mbele ya mtu. Siku hiyo waliyatamka.

Lagi alikuwapo kwenye mikeka ile. Alikuwa mkwe wa bibi Sieni, nyumba ya tano kutoka kwa Alapati, na alikuwa mjamzito wa miezi minane. Alikuwa msichana wa haya sana. Zamu yake ilipofika, alifunika uso kwa upepeo wa ukili, akasema maneno yake akiwa nyuma ya upepeo huo.

Mwezi uliofuata alijifungua salama. Siku ya tisa baada ya kujifungua, alianza kutetemeka kwa homa. Mumewe alimpeleka hospitali, pamoja na baba mkwe na bibi Sieni. Mezani siku hiyo hakuwa Makerita. Alikuwa muuguzi mgeni, kijana wa kiume.

"Shida ni nini, dada?"

Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. Lagi alitazama chini. Alikaribia kusema "homa tu."

"Kaka," alisema, "nataka tuzungumze wawili."

Yule kijana aliinuka mara moja, akavuta pazia. Lagi alimweleza yote. Alijifungua siku tisa zilizopita. Tumbo la chini linauma. Anatokwa na uchafu wenye harufu. Moyo unakwenda mbio. Alisema hayo huku analia kwa aibu, lakini aliyasema. Muuguzi alimpima, na hakurudi kukaa. Kabla pazia halijatulia, Lagi alikuwa kitandani na dripu mkononi.

Alilazwa siku sita. Mtoto alilazwa naye, kwa sababu alitaka kunyonya.

Jumatatu moja bibi Sieni alikuja kwa Alapati na Fuatino, amempakata mjukuu. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

"Mmerudi!" Fuatino alipiga makofi. "Lini?"

"Jana jioni. Huyu hajanyamaza tangu mlangoni."

"Na mama yake?"

"Yuko nyumbani. Homa imekwisha. Amekula samaki wawili, amelala. Anakoroma mpaka kuta zinasikia. Nilitaka kumwamsha amnyonyeshe huyu."

"Mwache," alisema Alapati. Aliweka kando mkeka aliokuwa anaukaza kingo, akanyoosha mikono. "Mlete huyo mlizi hapa. Mwache mama yake akorome."

Bibi Sieni alimpa mtoto. Alapati alimweka upande wa kulia, mbali na kovu lake, akaanza kutembea naye uani, huku na huko, akimsimulia kwa sauti ya barazani habari za nguruwe na mvua. Mtoto alilia kidogo tena. Kisha akasikiliza. Kule kwao, katika nyumba ya tano, Lagi aliendelea kulala.